Mchoraji, Mfupa na Mizani

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanaujua vyema ugomvi wa mizani. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, akayatia katika maandishi mambo ambayo malenga walikuwa wakiyahifadhi kwa sikio: vina, mizani, mshororo na ubeti. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, ikatoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, diwani iliyojivua arudhi ile, na wajuzi wakagawanyika. Kuna waliosema kuwa pasipo mizani hapana shairi. Kuna waliojibu kuwa mizani ni pingu ambayo mshairi alifungwa na wazee wake.

Wachoraji nao wana ugomvi wao, ulio ndugu wa huo wetu. Wao huulizana kama anayetaka kumchora binadamu sharti asome anatomia, yaani elimu ya mifupa, misuli na kano zilizofunikwa na ngozi. Wapo wanaosema kuwa asiyeujua mfupa hajui kuchora. Wapo wanaosema kuwa elimu hiyo ni ya tabibu, na kwamba mchoraji akiizamia sana mkono wake hukauka, akatoa picha zilizo sahihi na zisizo na roho. Makala haya yanakusudia kuupima ugomvi huo kwa kutazama kazi chache mashuhuri, na kuona kama sisi tuliolelewa na ushairi tunalo la kusema. Naamini tunalo.

Tuanze na elimu yenyewe, maana wengi huihukumu kabla ya kuijua. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na zaidi ya nusu yake imo katika mikono na nyayo: kila mkono, tangu kifundo hadi ncha za vidole, una 27, na kila wayo una 26. Mchoraji hahitaji kuyakariri majina yao. Anachohitaji ni kujua kipi kinavuta na kipi kinavutwa, kipi kinapinda na kipi hakipindi, na wapi mfupa unaikaribia ngozi hata ukaonekana: kwenye mtulinga, kiwiko, muundi na pia ya goti.

Msomaji na aweke mkono mezani, kiganja kikitazama juu, kisha, bila kukiondoa kiwiko mahali pake, augeuze hadi kiganja kilale. Kigasha kina mifupa miwili. Mmoja, ule wa upande wa kidole cha mwisho, umebaki karibu palepale, nao ndio unaokifanya kiwiko kuwa na ncha. Wa pili, wa upande wa gumba, umeuvuka mwenzake, na sasa miwili hiyo imepishana. Kwa hiyo kigasha chote kimebadilika umbo: nyama iliyokuwa bapa imejisokota, na mstari wa nje uliokuwa umenyooka umepata mpindo. Mchoraji asiyelijua hilo hugeuza kiganja peke yake na kukibandika juu ya kigasha ambacho hakikugeuka. Mtazamaji huona kuna kasoro, ingawa hawezi kusema ni ipi.

Jambo la pili ni kwamba misuli mikubwa inayovikunja vidole haimo vidoleni. Imo kigashani, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayevuta mishipi akiwa mbali na samaki. Ndiyo maana mtu akikaza ngumi, kigasha hutuna. Anayechora ngumi iliyokazwa juu ya kigasha kilicholegea amechora ngumi ya mtu aliyelala.

Habari hiyo ya kano ndiyo mada ya mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi Ulaya, Somo la Anatomia la Daktari Nicolaes Tulp, aliyoichora Rembrandt huko Amsterdam mwaka 1632 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Maiti imelazwa. Daktari ameishika kwa koleo misuli ya kigasha cha kushoto, ile ile inayokunja vidole, huku mkono wake mwenyewe wa kushoto ameuinua na kuvipinda vidole kidogo. Mkono uliokufa unaonyesha sababu, na mkono ulio hai unaonyesha matokeo. Waliomzunguka wametoa macho, lakini kuna wasioutazama mkono. Macho yao yanakwenda kwenye kitabu kikubwa kilichofunguliwa miguuni pa maiti. Hapo Rembrandt amesema jambo kuhusu elimu bila kuandika neno: wako watu wanaokisoma kitabu hata pale jambo lenyewe lilipo wazi mbele yao.

Sasa, je, Rembrandt alikichora kigasha hicho sawasawa? Matabibu wamelibishania hilo kwa muda mrefu. Mwaka 2006 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kukipasua kigasha cha maiti na kukilinganisha na cha pichani, wakakuta tofauti kadhaa. Wapinzani wa anatomia wangeweza kushangilia: ona, bingwa alikosea na picha ingali kubwa! Lakini tutazame alikosea wapi na alipatia wapi. Huenda alikosea mahali msuli unapoanzia, jambo ambalo tabibu hulijua na mtazamaji wa kawaida halijui. Hakukosea kazi ya msuli. Vidole vya Daktari Tulp vinapinda jinsi vidole vinavyopinda vikivutwa kutoka kigashani, na kila mwenye mkono huviamini. Rembrandt alilielewa tendo kabla ya jina la kiungo, na tendo ndilo linalohitajika katika picha.

Hapa ndipo ushairi wetu unapoweza kuwasaidia wachoraji. Tunalo neno ambalo wao hawana: guni. Shairi likikosa mizani mahali, mshororo ukapungua silabi moja katika nane za ukwapi au za utao, tunasema shairi hilo ni guni. Na anayelitambua si lazima awe amesoma kitabu cha Amri Abedi. Bibi aliyekaa barazani, asiyejua hata kuandika, hulisikia likiimbwa na kukunja uso. Hakuhesabu silabi. Sikio lake limehesabu kwa niaba yake, kwa sababu limelelewa na nyimbo tangu utotoni. Kwa maana hiyo mizani haikutungwa na kitabu. Kitabu kiliyaandika tu mambo ambayo sikio la watu lilikuwa likiyajua.

Mwili ni hivyo hivyo, na zaidi. Mtazamaji hakuusoma mwili, lakini anao. Tangu azaliwe amebeba mikono miwili na shingo moja, amelala juu ya mbavu zake, amejikwaa akashika muundi. Amewatazama watu maelfu wakitembea, akamjua jirani kwa mwendo hata kabla ya kuiona sura yake. Ujuzi huo hana maneno ya kuueleza, lakini picha guni haimpiti. Mchoraji basi husoma anatomia ili ayajue kwa akili yale ambayo mtazamaji anayajua kwa mwili wake. Asipoyajua, mtazamaji atakuwa mjuzi kuliko yeye, na hakuna fedheha kubwa kwa fundi kuliko hiyo.

Ushahidi mpya wa jambo hili ulikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Mwaka 2022 zilienea programu za akili unde zinazotengeneza picha kwa kupewa maneno tu. Programu hizo zilikuwa zimelishwa picha kwa mamilioni. Zilijua namna mwanga unavyotua kwenye shavu na namna hariri inavyong’aa. Lakini mikono iliyotoka humo ilikuwa na vidole sita, au saba, au vidole vilivyoota kutoka kwenye vidole vingine. Tangu hapo programu zimeboreshwa na kosa hilo limepungua sana. Hata hivyo somo limebaki. Programu ile ilikuwa imeona picha za mikono kuliko mchoraji yeyote aliyepata kuishi, lakini ilikuwa imeona sura ya nje peke yake, na haikuwa na mkono wa kujipima nao. Watu waliozicheka picha zile, wadogo kwa wakubwa, hawakuwa matabibu. Walikuwa na mikono.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama kuliko wachoraji wote ni Leonardo da Vinci. Katika majira ya baridi ya miaka 1507 na 1508, kwenye hospitali ya Santa Maria Nuova huko Florence, alizungumza na mzee aliyemwambia kuwa amepita miaka mia moja. Mzee huyo akafa kwa utulivu muda mfupi baadaye, na Leonardo akaupasua mwili wake apate kujua sababu ya kifo kitulivu namna ile. Uzeeni alisema kuwa amepasua miili zaidi ya thelathini. Kati ya mwaka 1510 na 1511 alijaza karatasi 18 kwa michoro zaidi ya 240, ambayo leo imo katika hazina ya kifalme ya Uingereza. Bega alilichora akilizunguka, upande kwa upande, kana kwamba mtazamaji anatembea kulizunguka. Na mahali misuli ilipozibana njia aliigeuza kuwa nyuzi, ili jicho lipenye na kuona kila mmoja unavuta kutoka wapi.

Lakini faida ya kazi hiyo haionekani kwenye karatasi hizo pekee. Inaonekana pia kwenye shingo moja. Karibu mwaka 1480 Leonardo alianza picha ya Mtakatifu Jerome akiwa nyikani, mzee aliyedhoofika kwa toba, na hakuimaliza maisha yake yote. Sasa iko Vatican. Misuli ya shingo ya mzee yule imepangwa kwa usahihi ambao haumo katika michoro mingine ya shingo ya Leonardo ya kabla ya mwaka 1500. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu wanaamini kuwa aliirudia picha karibu miaka thelathini baadaye, baada ya kupasua na kuona, akaisahihisha shingo ile. Ikiwa ni kweli, basi tazama aliporudi alifanya nini. Hakumjaza mzee misuli ya kuonyesha elimu yake. Aliitengeneza shingo tu, kwa sababu uchungu wa picha nzima umekaa pale: kichwa kimegeuka, kano zimetoka, na mtu huyu anaomba kwa mwili wake wote.

Na Leonardo huyohuyo ndiye aliyewaonya wachoraji wa zama zake waliolewa na anatomia. Aliwakejeli wale wanaochora watu uchi wenye misuli iliyovimba kila mahali, hata mtu akafanana na gunia la karanga ngumu kuliko mwili wa binadamu. Onyo lake ni kwamba msuli hutuna unapofanya kazi, na usiofanya kazi hulala. Anayeituna yote kwa pamoja ameitaja elimu yake bila kuitumia. Sisi tunawajua ndugu zao katika ushairi: wale ambao kila kina kimetimia, kila mizani imekamilika, na shairi halisemi kitu. Wanaoikimbia anatomia kwa kuwaogopa wachoraji wa aina hiyo wanamkimbia fundi mbaya wakidhani wanaikimbia fani.

Hapo hoja ya wapinzani bado haijaisha. Watasema: je, yule aliyeuvunja mfupa kwa makusudi na kupendeza? Wanaye shahidi mkubwa. Mwaka 1814 Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres alichora picha ya mwanamke aliyejilaza, akiwa amewapa mgongo watazamaji na kugeuza uso, inayojulikana kama La Grande Odalisque na iliyopo Louvre, Paris. Ilipoonyeshwa hadharani mwaka 1819 wahakiki walilalamika kuwa mwanamke yule ana pingili tatu za uti wa mgongo zaidi ya zile alizoumbwa nazo binadamu. Mwaka 2004 matabibu waliopima walisema zimezidi tano. Na bado mgongo ule una uzuri wake. Jicho hushuka nao polepole, kama mtu asiyetaka safari iishe.

Ingres, hata hivyo, hakuwa mtu asiyejua. Alifunzwa kuchora watu halisi katika karakana ya David, na picha zake za penseli zinathibitisha kuwa jicho lake halikukosea alipotaka lisikosee. Aliuvunja mfupa akijua ni upi, na kwa kiasi gani, na kwa sababu gani. Nitaongeza neno ambalo msomaji wa visiwa hivi atalielewa upesi. Mwanamke yule anadaiwa kuwa wa nyumba ya masultani wa Kituruki, na Ingres hakupata kukanyaga Uturuki. Mwili usio wa mwanamke yeyote amepewa mwanamke asiye wa mahali popote. Uzuri wa mstari ni wa kweli. Habari za mtu hazimo. Kwa hiyo hata bingwa akiuvunja mfupa, tuna haki ya kuuliza amepata nini na amepoteza nini.

Lazima pia tukiri mahali ambapo mfano wetu wa mizani unakoma. Mizani ni mapatano ya watu. Kezilahabi alipoiacha, aliwaomba wasomaji wayasikilize mapatano mengine, na sikio likiombwa kwa ustadi hukubali. Mfupa si mapatano. Hakuna baraza lililokaa likaamua kiwiko kipinde upande mmoja tu. Ndiyo maana uhuru wa mchoraji una bei kubwa kuliko uhuru wa mshairi: akiuacha mfupa anakwenda kinyume na kitu ambacho kila mtazamaji anacho mwilini mwake sasa hivi, wakati anaitazama picha.

Elimu hii ina deni, na mhakiki mwaminifu hawezi kulipita kimya. Maiti iliyolazwa mbele ya Daktari Tulp ina jina. Alikuwa Adriaan Adriaanszoon, aliyeitwa kwa lakabu Aris Kindt, mwizi aliyenyongwa mwaka huo huo wa 1632. Pichani mmoja wa wapasuaji ameshika karatasi, na baadaye iliongezwa juu yake orodha ya majina ya waliohudhuria. Jina la aliyelazwa halimo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1752 iliwapa wapasuaji miili ya wauaji walionyongwa, na ile ya mwaka 1832 ikawafungulia njia ya kuipata miili ya maskini waliokufa bila mtu wa kuwadai. Michoro mingi mizuri ya misuli tunayoitazama leo ilitoka kwa watu ambao hawakuulizwa. Sikusudii kusema vitabu hivyo vifungwe. Nasema anayevifungua ajue kuwa anasoma watu, na kwamba heshima ya pekee anayoweza kuwalipa ni kuchora kwa uaminifu.

Kwa wachoraji wetu vijana jambo hili si la mbali. Sanaa kongwe za mikono za mwambao huu, milango ya kuchonga, nakshi za chokaa, hati za maandishi, hazikujishughulisha na sura ya mtu. Mtu tulimweka katika ushairi: zipo tumbuizo za kale zinazomsifu mwanamwali tangu nywele hadi nyayo. Leo mambo yamebadilika, na maduka ya Mji Mkongwe yamejaa picha za watu. Nyingi ni za wale Wamasai warefu wembamba, mstari mwekundu wenye mkuki, bila mikono ya kushika wala nyayo za kukanyaga. Huambiwa kuwa huo ni mtindo. Pengine ni mtindo. Lakini ziko njia za kumpima mwenye kudai mtindo. Mwambie amchore mtu huyo huyo ameketi. Mwambie amchore akivuta juya, au akimbeba mtoto aliyelala. Akiweza, urefu ule ni chaguo lake na tuuheshimu kama tunavyouheshimu mgongo wa Ingres. Asipoweza, basi ameificha mikono kwa sababu haijui, na mgeni amelipishwa fedha kwa kitu kilichofichwa.

Wala haijuzu kusema kuwa elimu hii haifikiki kwetu. Staha ya jamii yetu hairuhusu mtu avue nguo akachorwe, na hakuna ulazima huo. Mkono, kigasha, shingo, muundi na wayo viko wazi mchana kutwa: kwa mvuvi anayekokota ngalawa, kwa fundi seremala anayesukuma randa, kwa mama anayekuna nazi juu ya mbuzi. Mkandaji anaijua misuli kwa vidole vyake kuliko wengi wanaoijua kwa kitabu. Mchinjaji anajua kiungo kinaachia wapi. Na lugha yenyewe imekwisha kuupima mwili: mtulinga, kigasha, kisogo, muundi, nyonga, kila kimoja kina jina lake kwa sababu wapo waliokitazama kwa makini hata wakaona hakifanani na jirani yake. Kijana akivijua hivyo, kisha akafungua kitabu cha mifupa, atakuta kitabu kinampangia mambo ambayo mwili wake ulikuwa ukimwambia siku zote.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Anatomia haimfanyi mtu msanii, kama mizani isivyomfanya mtu malenga. Lakini asiyeijua hana kitu cha kukiacha, na asiye na cha kuacha hawezi kujiita huru. Aisome mchoraji mpaka iingie mkononi, kisha aikalie kimya kama malenga anavyozikalia kimya silabi zake nane. Mtazamaji hatamsifu kwa mfupa ambao hauonekani. Atasimama mbele ya picha, na bila kujua kwa nini, atahisi uzito wa mkono ule katika mkono wake mwenyewe.